Cheti changu cha shahada kimewekwa kwenye mizani ya dagaa, na mshale haukutikisika

Mwana wa Gungu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule mzee muuza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, ambaye kila mtu kuanzia Ujiji hadi Mwandiga anamfahamu na kwa hiyo sina haja ya kumtaja, leo saa nne asubuhi amekichukua cheti changu cha Shahada ya Usimamizi wa Biashara, akakilaza juu ya mizani anayopimia dagaa, mbele ya wachuuzi wasiopungua elfu moja, kisha akasema kwa sauti ambayo nina hakika ilifika Kalemie, ng'ambo ya ziwa: "Miaka mitatu, na haifiki hata robo kilo."

Nilikwenda kuomba kazi ya kumtunzia hesabu. Aliniuliza swali moja tu: akinunua dagaa wabichi ndoo kadhaa, wakaanikwa, wakakauka na kupungua uzito, akalipa wapakizi na nauli ya mzigo hadi Dar es Salaam, auze kilo kwa shilingi ngapi ili asile hasara? Nikatoa kalamu, nikaanza kutenganisha gharama zinazobadilika na zisizobadilika, kama tulivyofundishwa. Kabla sijamaliza kuchora jedwali, kijana wake wa kuanika, aliyeishia darasa la saba, alikwisha kutoa jibu huku anakung'uta mchanga kwenye chekeche. Hapo ndipo cheti kilipopanda mizani. Mshale haukutikisika, ndugu zangu. Haukutikisika!

Je, anajua cheti hicho kimegharimu nini? Ada ilikuwa milioni moja na laki tatu kila mwaka, na baba aliuza michikichi yake ya Simbo ili nipate ya mwaka wa kwanza. Kila likizo nilisafiri kwa treni kilometa zipatazo 1,250 za reli ya kati, nikiwa nimekaa juu ya begi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo inanisubiri: nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni yao. Mwenzangu tuliyemaliza naye kidato cha sita, aliyebaki hapa akiuza mawese, sasa ana bajaji mbili. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini mizani! Tena baada ya hapo akachota dagaa kwa kiganja, akawaweka kando ya cheti na kusema, "Chukua hawa, usije ukasema nimekupunja."

Mgebuka Mkavu

Pole sana, mkuu. Naomba kufahamu jambo moja: jibu la yule kijana lilikuwa sahihi?

Mwana wa Gungu

Lilikuwa sahihi, lakini hilo silo linalozungumzwa hapa.

Mama Mawese

Mwanangu, pole. Na wale dagaa uliwachukua?

Mwana wa Gungu

Niliwachukua, mama, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mboga.

Mtumishi wa Kasulu

Wewe umepimwa mara moja na tayari umelijaza jukwaa machozi, ilhali mimi ninapimwa kila mwisho wa mwezi. Nilipoanza kulipa mkopo, makato yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, yakawa 15, na juu yake palikuwa na asilimia 6 iliyoongezwa kwenye deni kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Ilipofutwa mwaka 2021 nilichinja kuku, kisha nikaenda kuuliza salio langu, nikatamani kuku yule angekuwa hai.

Karani Mstaafu

Vijana wa siku hizi hudhani kwamba shahada ya biashara ndiyo uhasibu. Usipofanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ukapata CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, utaendelea kuchora majedwali hadi dagaa waoze. Ungekuwa nayo, huenda mshale ungesogea kidogo.

Mwana wa Gungu

Mitihani hiyo nayo ina ada, mzee wangu. Niuze michikichi ya nani tena?

Mchuuzi wa Katonga

Ninyi mnabishana juu ya shahada, na hakuna aliyeuliza habari za mizani yenyewe. Mshale wa mizani ile hauanzi kusogea mpaka uweke kama nusu kilo, na ukishaanza huruka kupita uzito wenyewe. Mwezi uliopita nilinunua pale kilo kumi, nilipofika nyumbani nikazipima tena, zikawa nane na kitu.

Mgebuka Mkavu

Kumbe! Miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu mpagazi. Hivi ile stika ya Wakala wa Vipimo, inayotakiwa kubandikwa kila mwaka baada ya mizani kukaguliwa, kuna mtu amewahi kuiona pale?

Mtumishi wa Kasulu

Mimi niliiona stika. Ilikuwa ya soda.

Mwana wa Gungu

Ndugu zangu, nawaombeni turudi kwenye cheti. Mtu amekiweka kwenye mizani mbele ya watu!

Mama Mawese

Cheti tumekielewa, mwanangu. Mchuuzi wa Katonga, hizo nane na kitu ulizipima kwa mizani ya nani? Maana kesho nina kilo ishirini za kuchukua.