i5-2500K kwenye 4.2 GHz: naweza kushusha volteji bila kuiua?

Mhariri_Tanga

Wakuu, salaam. Nina desktop yenye prosesa ya Intel i5-2500K, madabodi ya Z77, RAM GB 16 na hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120. Nahariri video za harusi hapa Tanga. Chumba hakina AC, mchana kinafika nyuzi 32. Nimeweka kizidishi 42 (mara 100 MHz, ndiyo 4.2 GHz) kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi, volteji nikaiacha Auto. Inawaka vizuri, ila nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) joto linapanda hadi nyuzi 88 na feni inavuma mpaka sebuleni wanaisikia. HWiNFO, programu ya kusoma joto na volteji, inaonyesha Vcore (volteji ya prosesa) 1.34. Nasikia mtu anaweza kupandisha kasi huku akishusha volteji. Ni kweli? Mwaka huu sina hela ya kununua nyingine.

kipanga88

Rudisha ilivyokuwa mkuu. Prosesa ikikosa umeme wa kutosha inaungua.

Fundi Magomeni

Hapo naomba nitofautiane na mkuu kipanga. Volteji ndogo haiunguzi prosesa, inaifanya ikosee hesabu. Mashine inaganda, au inaleta skrini ya bluu, au, mbaya zaidi, video ya bibi harusi inatoka na fremu zilizoharibika na hakuna aliyekuambia kitu. Kinachoichosha silikoni ni volteji kubwa ikikutana na joto, na kwa sasa unavyo vyote viwili. Madabodi nyingi za Z77 zikiona kizidishi kimepanda huku volteji iko Auto, zinaijaza kupita kiasi ili hata prosesa dhaifu kuliko zote iwake. Yako huenda inahitaji kidogo sana kuliko hicho.

Piga hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi unafuata kipeo cha pili cha volteji. Kasi ikibaki 4.2, ukitoka 1.34 ukafika 1.22 umepunguza karibu asilimia 17. Na kasi yenyewe usiitupe: ukirenda kwa core zote nne, turbo ya kiwandani, yaani kasi inayojipandisha yenyewe, inakupa 3.4 GHz tu, ile 3.7 ya kwenye boksi ni ya core moja. Kwa hiyo 4.2 ni faida ya zaidi ya asilimia 20 kwenye kazi yako hasa.

Fanya hivi. BCLK (kasi ya msingi ambayo kizidishi kinaizidisha) iache 100, usiiguse kabisa, maana kwenye Sandy Bridge, kizazi cha prosesa yako, ndiyo inayoziendesha SATA, USB na PCIe. Ukiivuta hata kidogo unaweza kuharibu data kwenye diski. Volteji itoe Auto, weka 1.25 kwa mkono. Load-Line Calibration (LLC, inayozuia volteji kuanguka wakati wa mzigo) iweke katikati. Kisha washa Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, chagua Small FFTs, macho yawe kwenye HWiNFO; joto likipita 85 simamisha. Ikipita salama, punguza 0.01 na urudie. Ikianza kukosea, panda 0.02 juu ya hapo na usishuke tena.

Usingoje skrini ya bluu ndipo uamini kuna tatizo. Fungua Event Viewer, kumbukumbu za matukio za Windows, upande wa System, tafuta WHEA-Logger, inayoandika makosa ya vifaa. Onyo lolote pale linalosema kosa la prosesa limesahihishwa maana yake umeshagusa ukingo, hata kama mashine inaendelea kucheza video vizuri. Watu wengi hawaangalii hapo, na ndipo faili za wateja zinapoharibika.

Ukimaliza, renda harusi nzima ya saa kadhaa, tena mchana wa jua. Jaribio la usiku wa manane kwa mji kama Tanga halikuambii kitu.

sele_kbr

Nami nina i5-3470 kwenye madabodi ya H61, mashine ya ofisi. Nayo itakubali?

Fundi Magomeni

Hapana kaka. Haina herufi K, inayoonyesha kizidishi kiko wazi, na H61 haikupi kizidishi cha kupandisha. Yako isafishe vumbi, badilisha pesti ya joto, weka SSD kama bado. Utaona tofauti.

Mhariri_Tanga

Wakuu, nimerudi. Kwa 1.20 WHEA ilijaa maonyo, 1.21 likatokea moja, nikapanda hadi 1.23, ikatulia. Kurenda mchana inafika 76. Kisha nikahamia kwenye Offset (badala ya namba moja, unaongeza au kupunguza kiasi kwenye volteji ya kawaida ya prosesa) ili volteji ishuke mashine ikiwa haina kazi, na LLC nikaipandisha juu kabisa. Kurenda haina shida, ila inaganda nikiwa nasoma barua pepe tu! Hii imenichanganya.

Fundi Magomeni

Hongera, 76 kwa chumba hicho ni nzuri. Hiyo ya kuganda ina sababu. Offset hasi inakata volteji kila mahali, hata kule chini kwenye 1.6 GHz ambako tayari ni ndogo. LLC ya juu inaibeba volteji wakati wa mzigo, kwa hiyo ili upate 1.23 ukalazimika kukata sana, na mashine ikitulia inabaki na njaa. Shusha LLC ngazi mbili, kisha ipunguzie Offset ukali hadi HWiNFO isome tena 1.23 ukiwa unarenda. Hapo volteji ya mapumziko itakuwa imepanda yenyewe. Iache imewaka bila kazi usiku kucha ndiyo uiamini.

Halafu namba zote ziandike kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kesi. Betri ndogo ya madabodi, CR2032, ikiisha, BIOS inasahau kila kitu.