Mjadala: Kukata makaratasi kwenye mada ya sehemu ni kufundisha au ni kupoteza vipindi?

Habari za jioni walimu wenzangu na wazazi mliomo humu.

Kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima na naomba tulijadili kwa uwazi, maana ofisini kwetu limeshatugawa. Mi nafundisha hisabati darasa la nne, shule ya serikali hapa Tanzania, mkondo wangu una watoto 118. Juzi juzi nilitumia vipindi vinne, siku nne mfululizo, watoto wanakunja na kukata vipande vya karatasi kwenye mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi, robo na wenzake, wakati mwenzangu wa mkondo wa pili kwa vipindi hivyo hivyo vinne kamaliza kujumlisha, kamaliza kutoa, katoa zoezi la maswali ishirini na kasahihisha. Mwalimu wa taaluma akapita dirishani kwangu akakuta kelele na makaratasi sakafuni, akaniuliza mbele ya watoto, "Mwalimu, leo ni kipindi cha kazi za mikono?" Toka siku hiyo ni ubishi tu. Hoja yao kwa kifupi ni kwamba upimaji wa kitaifa wa darasa la nne haumsubiri mtu, karatasi ya mtihani haiulizi ulikunja nini bali inataka jibu, kwa hiyo mtoto apewe kanuni, apigishwe mazoezi mengi, ataelewa mbele ya safari.

Mi nakataa, na nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Kabla sijaanza mada niliwapa swali moja tu, 1/2 + 1/3, kwa sababu sehemu sio kitu kigeni kwao, darasa la tatu walizipitia. Nikakusanya madaftari. Daftari baada ya daftari jibu ni 2/5. Wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili, wameandika kwa mwandiko mzuri kabisa na wamepiga mstari chini ya jibu. Na hawa sio watoto wazembe, wengine ndo wale wanaoongoza darasani. Ukiwaambia "tafuta KDS kwanza", yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili, wanatafuta, kesho wamesahau, keshokutwa 2/5 imerudi palepale.

Sasa kwenye vile vipindi ambavyo vinaitwa mchezo, kila kundi nililipa kanda za karatasi ngumu ya manila za sentimita 30, zote sawa, ukanda mmoja haukunjwi, huo ndo kizima. Kuna binti mmoja anakaa dawati la nyuma kabisa, huwa hasemi kitu. Akakunja ukanda wake mara mbili, akakata, akapima na rula: 15. Mwenzake akakunja mara tatu (hapo walihangaika, kukunja mara tatu sawasawa sio kazi ndogo), akapata 10. Wakavipanga juu ya ukanda mzima, kimoja mwisho wa kingine, vikaishia 25. Nikamuuliza, haya, na ile 2/5 uliyoandika kwenye daftari iko wapi? Akachukua ukanda mwingine, akaugawa mara tano, kila kipande sentimita 6, akachukua viwili. Vikawa 12. Akaviweka chini ya ile nusu yake ya 15.

Akaangalia muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Mwalimu, hii fupi kuliko nusu." Nikanyamaza. Akasema tena, "Sasa nimeongeza halafu imepungua?"

Jamani, hilo swali ndo hisabati yenyewe, na sikumuuliza mimi, kajiuliza mwenyewe. Alichukua kifutio akafuta lile jibu bila kuambiwa na mtu. Mwenzake ndo akaona pale mwishoni pa ukanda mzima pamebaki kinafasi cha sentimita 5, wakakata kipande cha urefu huo wakawa wanakipimia kuanzia mwanzo, kikaingia mara sita. Kwa hiyo tulichofunika ni vitano kati ya sita, 5/6. Ile 6 ya kwenye asili haikutoka mdomoni kwangu, ilitoka kwenye kinafasi kilichobaki. Nilipokuja kuandika ubaoni KDS ya 2 na 3 ni 6, kundi lile walikuwa wanatikisa vichwa kama watu wanaosikia habari wanayoijua.

Halafu kuna kitu kinaniuma zaidi. Watoto wetu hawaji shule wakiwa hawajui sehemu. Mtoto wa miaka saba anatumwa dukani robo ya sukari, anatumwa nusu mkate, na muuza duka akimpunja anajua. Anakwambia saa mbili kasorobo. Wale wanaosoma madrasa, ukubwani wanakutana na mirathi, theluthi, sudusi, mke mwenye mtoto anarithi thumuni, mambo ya 1/3 na 1/6 na 1/8 yamo kwenye Kiswahili chetu miaka na miaka. Sisi tunachukua mtoto mwenye nusu na robo mdomoni tunamfundisha kusoma "moja juu ya tatu", "mbili juu ya tano". Sasa ukimwambia mbili juu ya tano yeye anaona nini? Anaona namba mbili zimepandana, ya juu na ya chini, basi anajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Ana kosa gani?

Na sio tatizo la shule zetu peke yake, msije mkasema ni umaskini. Marekani mwaka 1978 kwenye tathmini yao ya kitaifa waliwapa watoto wa miaka 13 swali la kukadiria 12/13 + 7/8, machaguo yalikuwa 1, 2, 19, 21 na "sijui". Kila moja ya hizo sehemu inakaribia kizima, kwa hiyo jibu ni 2. Waliopata ni asilimia 24. Wengi zaidi walichagua 19 na 21, yaani wamejumlisha za juu au wamejumlisha za chini. Nchi yenye vitabu na madawati ya kumwaga, na kosa ni lilelile la watoto wangu 118.

Nawasilisha, karibuni mnipinge.

NYONGEZA, saa nne usiku

Nimesoma michango yote, asanteni, hata waliokuja juu. Nijibu kadhaa.

Kuna kaka kasema sisi tulifundishwa kwa kanuni na fimbo na leo tuko hapa tunajua sehemu. Kaka yangu, tuko hapa sisi. Mi darasa letu tulioanza pamoja nikihesabu waliofika sekondari wakiwa bado wanaipenda hesabu hawajazi benchi moja. Hawa wengine hawawezi kuja hapa kutuambia kanuni iliwafanyia nini. Na wewe mwenyewe jaribu kitu kimoja, mweleze mtu kwa nini kwenye kugawanya sehemu tunageuza ile ya pili tunazidisha. Tulishika, lakini wengi wetu tulishika bila kujua tumeshika nini.

Dada mmoja yuko Kenya kasema tuangalie, kwao mtaala wa umahiri, ule unaotaka mtoto aweze kutenda na sio kukariri tu, ulipoingia wazazi walichoka kununua vifaa na kutumwa usiku usiku kutafuta mabox na gundi, na kazi nyingi zikawa zinafanywa na wazazi. Dada hoja yako ni ya kweli na mi naiogopa hapa kwetu pia, maana mtaala mpya ulioanza 2024 unasisitiza umahiri na shughuli za vitendo na nimeanza kusikia watoto wakiagizwa vitu. Kwangu mzazi hakutoa hata mia. Kanda nilikata mwenyewe usiku wa siku mbili, manila chakavu za ofisini na makalenda ya zamani, makundi 20 ya watoto sita sita hivi. Kazi ya vitendo ikishaanza kumtuma mtoto nyumbani akalete kitu, aliyekosa ndo anakuwa wa kwanza kusimamishwa nje, na huyo ndo niliyekuwa namtaka ndani.

Hapohapo niseme kitu ambacho upande wangu hawatakipenda. Mi sikubaliani na kufundisha sehemu kwa machungwa na chapati. Kila semina mwezeshaji anakuja na chungwa. Chungwa halikatiki sawa, mtoto ambaye hajanywa chai asubuhi anaangalia kipande kikubwa kiko wapi, haangalii theluthi, na ana haki, mwenye njaa utamwambiaje hiki ni cha kujifunzia? Halafu chapati jaribu kuigawa mara tano mbele ya watoto uone. Kibaya zaidi chapati inamfundisha kwamba sehemu ni kipande tu, kidogo kuliko kizima, siku akikutana na 7/4 anakwambia mwalimu haiwezekani, chapati ina robo nne tu. Ukanda unaunganisha na mwingine, safari inaendelea, 7/4 iko mbele ya 1 na haijafika 2, imeisha.

Kama unataka kitu kisicho karatasi tumia chupa za maji tupu, ziko kila mtaro. Chupa ya nusu lita na ile ya lita moja na nusu. Niliwauliza chupa ndogo ngapi zitajaza kubwa, wakasema mbili, maana ni nusu. Wakamimina, ikakataa, ikaingia ya tatu. Mmoja akasema, "Kwa hiyo nusu ni theluthi?" Darasa likacheka lakini hakukosea: nusu ya lita ni theluthi ya ile chupa. Nusu ya nini? Tulikaa kwenye hilo swali kipindi kizima na sijutii, kwa sababu nusu bila kujua ni ya kizima kipi ni neno tupu.

Mwalimu mstaafu kaandika kwamba zana bila ubao ni mchezo, mtoto anaweza kukata karatasi mwaka mzima na mtihani asiujue. Mwalimu, shikamoo, na hapo umenipata, na ndo maana mwaka juzi nilifeli na njia hii hii. Watoto walikata, walifurahi, nikafunga boksi, kesho yake nikaanza ubaoni kitu kingine kabisa kana kwamba zile karatasi zilikuwa za somo lingine, na majibu yakawa 2/5. Sasa hivi kanda haiondoki mpaka iwe imechorwa. Naibandika ubaoni, chini yake napiga mstari wa chaki, naandika 0 mwanzo na 1 mwisho, naweka alama kwenye mkunjo, halafu ndo naandika 1/2 na 1/3, na wao wanafanya hivyo hivyo kwenye daftari, kitu, mchoro, tarakimu, siku moja. Singapore wamefundisha kwa mpangilio huo toka miaka ya 80, kushika kwanza, kisha picha, kisha namba, na hawajaacha mazoezi. Mazoezi mi natoa pia. Ninachokataa ni mazoezi ishirini ya kitu ambacho mtoto hajakiona.

Na nakubali pia njia ina mwisho wake. Ukifika 3/4 gawanya kwa 2/3 karatasi inaanza kukuchanganya wewe mwenyewe, hapo kanuni ichukue kazi.

Aliyeuliza watoto 118 unawezaje, jibu la kweli ni kwamba siwezi vizuri. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu. Kwa siku nafika makundi saba au nane, mengine yanajiendea, na ninajua kuna watoto siku hizo nne sikuona hata wamekunja nini. Lakini kwa ubao peke yake nawaona wangapi? Naona mikono ya walewale kumi wa mbele. Ile kelele aliyoisikia mwalimu wa taaluma ilikuwa ubishi, wanabishana kama robo ni kubwa kuliko theluthi, wengine wanashika vipande wanavilinganisha, hii 10 hii saba na nusu. Mi nikipita naisikia kelele naijua ni ya kazi au ya fujo.

Ninachoomba mi sio kila mtu afundishe kama mimi. Naomba kwenye azimio la kazi, ule mpango wa kufundisha wa mwaka, mada hii ipewe vipindi zaidi na mwalimu asihesabiwe kachelewa kwa kutumia wiki moja kwenye nusu na theluthi. Na wanaotunga mitihani ya kata na wilaya wawe wanaweka hata maswali mawili ya kuchora, mwambie mtoto onyesha 5/6 iko wapi kwenye mstari huu, uone ofisi ngapi zitaanza kutafuta manila.

Jumatatu kipindi cha pili nina kutoa, 3/4 – 1/3, na sijapata njia nzuri ya ukanda kwa hilo, wakikata wanabaki na kipande ambacho hawajui ni cha ngapi. Nimefikiria ukanda wa sentimita 24 ili robo iwe 6 na theluthi iwe 8. Aliyewahi kufanya kwa darasa kubwa aniambie, aliwakatisha au aliwawekea alama tu?