Naombeni ushauri: mkaguzi wangu amekwama Kibirizi

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Naandika riwaya ya upelelezi, nipo sura ya tisa, na nimekwama. Mkaguzi wa polisi hapa Kigoma anamtafuta sajenti mwenzake aliyetoweka. Mara ya mwisho alionekana jioni mwalo wa Kibirizi akinunua dagaa, kofia kaibana kwapani. Asubuhi pikipiki yake ikakutwa palepale, ufunguo unaning'inia, mwenyewe hayupo.

Shahidi mkuu ni mvuvi. Anadai usiku ule alikuwa ziwani akivua dagaa, hakuona kitu. Mkaguzi anamnasa kwa mwezi: usiku ule ulikuwa mpevu, na sisi wa huku tunajua mwezi ukiwaka taa haivuti dagaa, mitumbwi inalala mchangani, watu wanashona nyavu. Naipenda hiyo kuliko chochote nilichowahi kuandika. Tatizo, mke wangu kaisoma akacheka: "Mtu wa Ujiji atashtuka hapohapo." Sasa niutaje mwezi mapema, juujuu tu, au niufiche? Nikiuficha, msomaji wa Dodoma ataona nimemchezea rafu.

Jingine: mkaguzi angeruhusiwa kweli kupeleleza kesi ya rafiki yake, au mkuu wa upelelezi wa mkoa angemweka pembeni? Nilifikiria kumpa likizo afuatilie kimyakimya, ila naona kama naikwepa shida.

Mliopitia Jeshi la Polisi, na wavuvi, nisaidieni. Hata matusi napokea, mradi yawe na ushauri ndani.