Naomba ushauri: mashine ya kukatia nakshi, bledi ya pini au isiyo na pini?

Wakuu, habari za leo. Nataka kununua skroli soo, ile mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Kazi zangu ni za nyumbani tu: majina ya watoto, fremu za picha na maua ya milango ya kabati. Natumia plaiwudi na mninga usiozidi inchi moja.

Nimeiona moja Kariakoo, ya inchi 16, bei yake naimudu, ila inashika bledi za pini peke yake, yaani zile zenye kipini kidogo kilichokingama kila ncha. Hapo ndipo ninaposita. Ua la ndani lazima utoboe kwanza ndipo upitishe bledi, na pini inadai tundu kubwa. Petali ndogo si itaharibika? Isiyo na pini inapita kwenye tundu dogo sana.

Nyingine ni ya mtumba kutoka Marekani, inashika zote mbili na ina kirekebisha mwendo, lakini ni ya volti 120. Transfoma itatosha, au mota itasumbua kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50?

Mninga ni mgumu, sitaki mashine inayotetemeka. Mliowahi kuzitumia, mngechukua ipi?