Naomba ushauri: nyama mbichi kwa mbwa anayekua

Habari zenu wadau. Nina mbwa jike wa miezi 5, kilo 9. Wiki tatu zilizopita nilianza kumpunguzia chakula cha pakiti na kumpa nyama mbichi ya ng'ombe, moyo na kipande kidogo cha ini. Anaipenda mno, analamba bakuli mpaka linafika ukutani.

Tatizo ni choo. Siku mbili kinakuwa kizuri, ya tatu ni majimaji yenye utelezi. Nimepunguza ini, na nyama naigandisha kwanza, ila najua barafu haiui salmonela (bakteria wanaoharisha watu), na humu ndani kuna mtoto anayetambaa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mifupa ya kupikwa simpi kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha. Vitafunio vyake ni karoti na tufaha lililotolewa mbegu, havizidi asilimia 10 ya mlo.

Naombeni mnisaidie: bila mifupa, kalsiamu ya kumtosha nimpe kwa njia gani bila kuizidisha? Na mliotoka kwenye mbichi kwenda ya kupikwa, mlibadilisha kwa siku ngapi? Daktari wa mifugo namwona Jumatatu, nataka niende na maswali sahihi.

Natanguliza shukrani.