Naomba ushauri: D2 au O1 kwa kisu cha jikoni?

Wakuu, nataka kutengeneza kisu changu cha kwanza cha jikoni, nimekwama kwenye kuchagua kati ya D2 na O1, aina mbili za chuma cha zana. D2 ina kromiamu kama asilimia 12, inashika makali muda mrefu na haipati kutu haraka. Lakini kuinoa ni kazi, na ukiichonga nyembamba sana makali yanameguka. Tena ili iwe ngumu inataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Tanuri langu la mkaa siliamini huko. O1 unaipasha kama nyuzi 800, unaizamisha kwenye mafuta, basi. Inanoleka vizuri, ila ukiisahau na maji ya limau tu, madoa!

Mimi naegemea O1, kufuta kisu si adhabu. Mliotumia zote mbili, niache ugumu wa 60 kwenye kipimo cha Rockwell au nishuke 58 ncha isije ikavunjika?