Nimesahihisha Kiingereza cha mteja, sasa nimekwama

Wino_Kampala: Wakuu, naomba ushauri. Napanga kurasa kwenye duka la uchapaji, Nasser Road. Kila siku naletewa "recieve", "seperate", "Let us play for the family". Bosi anasema chapa kama ilivyoletwa. Roho inaniuma, hasa kazi za misiba. Nisahihishe au ninyamaze?

Mwalimu_Mstaafu: Sahihisha, kijana. Hiyo "play" badala ya "pray" inatokana na Luganda: r huandikwa baada ya e na i, kwingine ni l. Na Kiingereza chenyewe kina lawama. Ile b ya "debt" haitamkwi, wasomi waliichomeka ili neno lifanane na "debitum" ya Kilatini. Mtoto wa Masaka ataijuaje?

MamaSalama_Jinja: Kitambulisho changu kimepishana na cheti cha shule kwa herufi moja. Nimekula kiapo kwa wakili, nimelipa, nimepanga foleni hadi miguu ikavimba. Herufi moja!

Kijana_wa_Bombo: Wino, hujasema kilichotokea. Mtu haombi ushauri usiku huu kwa sababu ya "recieve".

Wino_Kampala: Sawa. Juzi ililetwa programu ya mazishi, nakala 200. Jalada limeandikwa "Micheal". Nikaweka "Michael". Zimeshachapwa. Leo nimeona picha ya msalaba: "Micheal". Lakini Michael ndiyo sahihi, hata Biblia ya Kiingereza inaandika hivyo! Nafikiri nikabidhi tu, nani atatazama herufi kwenye kilio?

MamaSalama_Jinja: Watoto wake watatazama. Programu hiyo wataitunza miaka. Kama babake alimwandika Micheal, basi ni Micheal, mwanangu.

Kijana_wa_Bombo: Ngoja kwanza. Duka gani Nasser Road linachapa mteja hajasaini nakala ya kwanza? Hii hadithi umeitunga.

Mwalimu_Mstaafu: Hata mimi nimeanza kushuku.

Wino_Kampala: Alisaini. Alisaini kabla sijabadilisha. Karatasi yenye saini yake iko hapa mezani. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Majalada nitachapa upya kwa pesa yangu, hilo nimekubali. Kinachonishinda ni kumpigia mjane.

MamaSalama_Jinja: Mjane mwache apumzike. Kazi ililetwa na nani?

Wino_Kampala: Shemeji yake, wa kamati ya mazishi.

MamaSalama_Jinja: Mpigie huyo. Sasa hivi, kabla hajalala.

Wino_Kampala: Simu inaita.